Kupanga Hatua za Idhini Katika Programu ya Maombi ya Masurufu

Kabla mtengeneza programu hajaandika chochote, fuatilia ombi moja la karatasi la masurufu, yaani fedha anazopewa mtumishi kwa ajili ya safari au kazi, tangu linapotoka mezani kwa mwombaji hadi fedha zinapolipwa, ukiandika nani alilitia saini na, hasa, alikagua nini. Saini isiyokagua kitu haina haja ya kuhamishiwa kwenye programu. Mara nyingi hubaki watu watatu: mkuu wa idara anayethibitisha haja, mhasibu anayetazama salio la kifungu cha bajeti, na mwenye mamlaka ya kuidhinisha malipo. Mwombaji asiweze kamwe kujiidhinishia, hata akiwa mkurugenzi.

Penye utata zaidi ni pale mwidhinishaji anapokuwa safarini. Asajiliwe kaimu wake, pamoja na tarehe za kuanza na kukoma kwa ukaimu huo, la sivyo watu wataazimana nywila, na kumbukumbu zitaonyesha kwamba mkuu aliyekuwa ndani ya ndege aliidhinisha posho ya dereva saa nne asubuhi.

Kitufe cha “Kataa” kisichanganywe na cha “Rudisha”, kwa kuwa ombi lenye kasoro ndogo halistahili kufa; vyote viwili vidai sababu ya maandishi. Kiasi kikibadilishwa baada ya idhini, ombi lianze upya.