Somo: Kuingiza maua ndani kabla kiangazi hakijayamaliza

Ndugu wanachama, mvua za kwetu kusini mwa Tanzania ni za msimu mmoja. Zinaanza Novemba au Desemba, na Mei ikifika tunaokota matone ya mwisho. Nchi za baridi bustani huuawa na barafu ya usiku. Mtwara na Lindi huuawa na ukavu pamoja na upepo wa kusi. Ndiyo maana somo hili naliweka sasa, maua yakiwa bado yapo. Atakayengoja Julai atakuta vijiti.

Hatua ya 1: Kukata

Kata alfajiri, au jioni jua likishapoa. Mchana ua limeshapoteza maji mengi, hata ukiliweka kwenye chombo halikai. Tumia kisu kikali na ukate mshazari. Mkasi butu huminya kikonyo, maji yakashindwa kupanda. Waridi lichukue petali za nje zikiwa zimeanza kuachia. Tumba lililofumba kabisa mara nyingi huinamisha shingo kabla ya kufunguka. Nenda bustanini na ndoo ya maji, ua liingie humo papo hapo.

Asumini ina utaratibu wake. Tumba zake zichume jioni, kwa kuwa hufunguka usiku, kisha zielee kwenye bakuli la maji. Au tunga kikuba pamoja na rehani, ukiweke karibu na mto wa kulalia. Kwangu mimi hakuna ua linalofaidiwa ndani ya nyumba kuliko hili.

Hatua ya 2: Maji

Majani yote yatakayozama yaondoe, yakioza yanazaa vijidudu vinavyoziba kikonyo. Kwenye lita 1 ya maji tia kijiko kimoja cha chai cha sukari, viwili vya maji ya ndimu, na matone machache ya jiki. Sukari ni chakula cha ua, ndimu husaidia maji kupanda, jiki huzuia vijidudu. Vitie kwenye maji kimoja kimoja. Usichanganye ndimu na jiki pembeni bila maji, hutoa hewa ya sumu.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila mara punguza ncha ya kikonyo. Najua wenzetu wa Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, maji kwao ni ya shida. Tumieni chupa zenye shingo nyembamba, ua moja kila chupa. Maji yanatumika kidogo, na ua moja lililosimama vizuri linatosha kupendezesha meza.

Hatua ya 3: Mahali pa kuweka

Mbali na feni, mbali na jua la dirishani, na mbali na matunda. Hili la matunda wengi hawalijui: ndizi, papai na embe vikiiva hutoa gesi ya ethilini, na gesi hiyo huzeesha maua upesi. Kwa hiyo sahani ya ndizi na chombo cha maua visikae meza moja.

Hatua ya 4: Kukausha

Hapa ndipo penye faida ya miezi yote ya kiangazi. Anza na bogenvilia. Ile rangi tunayoisifu ni majani. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe la katikati. Majani hayo ni makavu kama karatasi tangu mtini, kwa hiyo hayasumbui. Funga vishada vidogo, vining'inize kichwa chini kwenye giza penye hewa, wiki mbili hadi tatu. Jua hufifisha rangi.

Waridi na maua mengine manene yafukie mchangani. Chukua mchanga laini wa mtoni, uchekeche, uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha ukaange kwenye karai mpaka ukauke kabisa. Ukipoa, weka tabaka kwenye boksi, simamisha ua, mwagia mchanga taratibu mpaka uingie kati ya petali. Acha wiki moja au zaidi. Mchanga wa pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu, kwa hiyo sipendekezi.

Hatua ya 5: Ua la chunguni

Waridi wa jangwani hustahimili ukavu; mpe dirisha lenye jua na maji kidogo.

Lipo pia ua dogo la zambarau la milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 Hermann Wendland, mtaalamu wa mimea, akalipa jina la Saintpaulia. Leo huko Ulaya linachanua madirishani theluji ikianguka nje, na sisi wenye nchi wengi hatujawahi kuwa nalo. Hilo linaniuma. Linataka mwanga usio jua kali na mahali pa ubaridi, kwa hiyo Newala na Rondo linafaa kuliko mjini Mtwara. Maji mpe kwenye kisahani cha chini, majani yasilowe.

Maswali ya wanachama

*Masasi:* Shikamoo mwalimu. Mikorosho inachanua wakati wa kipupwe, naweza kukata vishada vyake?

Marahaba. Usikate, kila kishada ni korosho za msimu. Na majirani wakipuliza salfa, dawa ya unga ya mikorosho, funga madirisha ya upande huo, maana ule unga hutua hadi kwenye maua ya ndani.

*Lindi mjini:* Nina watoto wadogo. Waridi wa jangwani si hatari?

Ni hatari, dada. Utomvu wake ni sumu, wawindaji wa zamani waliupaka kwenye mishale. Mweke wasipofika, na ukimpunguza matawi vaa glovu.

*Mikindani:* Maua niliyoning'iniza yameota ukungu.

Ni unyevu wa bahari. Punguza ukubwa wa vishada, toa majani, kisha uvipandishe darini chini ya bati. Kule pana joto na giza.

*Newala:* Hilo ua la Usambara, mbegu napata wapi?

Huhitaji mbegu. Omba jani moja lenye kikonyo kwa mwenye nalo, ulichomeke kwenye udongo mwepesi wenye unyevu, ulifunike na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Baada ya wiki kadhaa utaona miche midogo shinani. Itenganishe ikishakuwa na majani yake yenyewe.