Jumuiya ya kujifunza ianzie kwenye madaftari: mwongozo kwa shule za msingi za Mtwara na Lindi

MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inataka walimu wajifunze palepale shuleni, kwenye jumuiya yao ya kujifunza, badala ya kusubiri barua ya semina. Mratibu akishateuliwa, ratiba ikabandikwa ofisini na moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania zikapakuliwa kwenye vishikwambi, kinachobaki kigumu ni mada. Ikichaguliwa mada pana kama “mbinu shirikishi”, walimu watasoma moduli kwa zamu, watasaini mahudhurio na kuondoka, na Jumatatu darasa la tatu litafundishwa vilevile. Mada itoke kwenye kazi za wanafunzi.

Siku mbili kabla ya kikao, mratibu akusanye madaftari ya hisabati ya darasa la III. Asimwachie mwalimu wa somo achague, maana yatakuja yale masafi tu. Darasa likiwa na watoto 50, achukue kila daftari la tano kwenye rundo; yatakuwa 10, na yanatosha. Kisha atafute swali moja lililokosewa na wengi, tuseme 402 − 178.

Jibu sahihi ni 224. Aliyeandika 376 ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa kila safu, bila kujali ipi iko juu: 8 toa 2, 7 toa 0, 4 toa 1. Aliyeandika 324 anajua kukopa, ila alipofika kwenye sifuri alijisaidia: aliigeuza sifuri kuwa 10, akatoa moja kwa ajili ya mamoja, lakini ile mia aliyoikopa hakuipunguza. Wote wawili wamepigwa mkasi (alama ya X) mwekundu uleule, na makosa yao hayafanani hata kidogo. Wa kwanza hajajua kukopa ni nini. Wa pili anahitaji kazi ya sifuri katikati. Ukiwarudishia wote “kanuni ya kutoa” ubaoni, humsaidii yeyote.

Hiyo ndiyo kazi ya nusu saa ya kwanza ya kikao: kupanga madaftari mezani kwa aina ya kosa na kubishana mtoto aliwaza nini. Usiharakishe hapa. Mwalimu wa Kiswahili au wa somo jingine mara nyingi huona kitu ambacho mwalimu wa hisabati amekizoea mno.

Dakika 30 zinazofuata andaeni somo moja, la kipindi kimoja. Kwa kosa la 376, zana ni chelewa, yaani njiti za makuti ya mnazi. Zikatwe urefu wa kidole, zifungwe kumikumi kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli. Kila kundi lipewe mafungu 5 na chelewa 2, lifanye 52 − 17. Mtoto akitakiwa kutoa 7 na mkononi ana 2 tu, hana njia ila kufungua fungu: anabaki na mafungu 4 na chelewa 12, anatoa, anapata 35. Kwa kosa la 324, mafungu 10 yafungwe pamoja yawe mia, na darasa zima lione mia ikifunguliwa kwanza kuwa makumi kumi, kisha kumi moja likifunguliwa kuwa mamoja: mamia 3, makumi 9, mamoja 12. Zana hizi hukwama kwa jambo dogo: mafungu yakikazwa kwa kamba ya katani watoto hawawezi kuyafungua, mwalimu anasema “tuchukulie tumefungua”, na somo limekwisha hapo.

Kabla ya kutawanyika, andikeni kwenye daftari la jumuiya nani atafundisha, siku gani, na nani atakwenda kuangalia. Isipite wiki moja. Mwenzake anayekaa nyuma ya darasa asibebe fomu ndefu. Abebe swali moja, mfano: ni watoto wangapi wa kundi la dirishani walifungua fungu kwa mikono yao wenyewe? Wazungumze dakika 10 siku hiyohiyo, wawili tu. Maelezo hayo yasiingie kwenye faili la mwalimu wala kwenye taarifa ya mthibiti ubora (mkaguzi wa shule). Yakiingia mara moja, kuanzia hapo utaonyeshwa masomo ya maonyesho.

Mwalimu mkuu akae kikaoni kama mshiriki, kiti kiwe cha mratibu. Kazi yake kubwa iko nje ya kikao: kulinda muda. Jumatano au Alhamisi baada ya vipindi ni siku nzuri. Ijumaa kuna swala, siku za mshahara watu wako mjini, na mwezi wa Ramadhani kikao kipunguzwe au kisogezwe mapema. Mara mbili kwa mwezi inatosha. Shule yenye walimu wanne iungane na jirani kama umbali unaruhusu. Zaidi ya 12, gawanyeni madarasa ya chini na ya juu.

Posho itaulizwa. Kikao kiko ndani ya saa za kazi, kwa hiyo jibu ni hakuna, na ni bora lisemwe siku ya kwanza kuliko kuachwa lining'inie. Chai na mihogo ni jambo jingine, ila iwe imepitishwa kwenye mpango wa shule.

Hapo ndipo kamati ya shule inapoingia, nayo inahitaji mafunzo yake. Semina ya siku nzima haifai: wajumbe ni wakulima, na siku ya mnada wa korosho hutampata mtu. Fanyeni vikao vitatu vya saa moja na nusu, na vyote viishe kabla ya Oktoba. Cha kwanza, mapato na matumizi: chora safu kwenye manila, weka taarifa ya benki pembeni, mjumbe mmoja asome tarakimu kwa sauti na mwingine ataje risiti yake. Mjumbe asiyesoma haraka naye anafuata. Cha pili, kukagua stoo na vyoo kwa miguu, kwa orodha waliyoitunga wenyewe.

Cha tatu ni madaftari ya mahudhurio. Wekeni mezani ya Mei na ya Oktoba iliyopita, mhesabu majina ya darasa la III yaliyokosa siku tano au zaidi. Oktoba ikizidi kwa mbali, msimu wa kuokota korosho ndio wa kuulizwa kwanza. Kamati iamue nani atazungumza na wazazi wa kitongoji gani, na orodha ya watoto hao ipelekwe kwa mratibu. Wakirudi darasani, vipindi vyao vya marudio viwe tayari, na chelewa zimeshafungwa.