Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kazi ya kuandikiana na wageni kwa Kiingereza

Ukipata kazi kwenye kampuni ya utalii au hoteli, siku ya kwanza watakuonyesha meza na kukupa nenosiri la barua pepe, na wageni hawatangoja ujifunze. Kiingereza cha shule unacho, sikatai. Lakini kuna sehemu moja ya lugha hiyo inayowaangusha hata wenye vyeti vizuri: vitenzi vifupi vinavyoandamana na vihusishi, kama "put off", "look after" na "run out of". Nimefanya kazi ya kubuku safari Arusha, na nimeona vijana hodari wakitoka machozi kwa sababu ya vineno vya herufi mbili tatu. Kwa hiyo kabla hujaripoti kazini, fanya haya.

Pata kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, ile iliyotungwa kwa wanafunzi. Ya kwenye simu inatosha.

Nunua daftari, na humo uandike sentensi nzima. Ukiandika kwamba "depend" ni kutegemea, umeandika nusu tu. Andika "It depends on the weather", kwa sababu kazini ndivyo utakavyoihitaji, na hiyo "on" hutaikumbuka kama hukuizoea tangu mwanzo.

Jua Kiswahili kinakuvutia wapi. Sisi tunasema nasubiri gari, nasikiliza redio, natafuta ufunguo, nalipia chumba, naomba maji, na sentensi imekamilika. Uhusiano wa kitenzi na kinachotendwa tumeshaumaliza humo humo ndani, mara nyingine kwa kiambishi kimoja tu, kama ile "i" iliyogeuza lipa kuwa lipia. Mwingereza anauweka nje: "wait for the car", "listen to the radio", "look for the key", "pay for the room", "ask for water". Ndiyo maana barua zetu zimejaa "I am waiting your reply". Halafu mtu akishasahihishwa mara mbili tatu, anaanza kumwaga vihusishi hata pasipohitajika: "discuss about the price", "emphasise on safety", "cope up with the cold". Hapana. Ni "discuss the price", "emphasise safety", "cope with the cold". Tena "request" likiwa kitenzi halitaki kitu baada yake, "we request a quiet room", lakini likiwa jina linataka, "your request for a quiet room". Na hii ya "we will pick you at the airport" imeenea Afrika Mashariki nzima. Mgeni atakuelewa, lakini andika "pick you up".

Usitafsiri "kwa". Kwa basi, kwa miguu, kwa kisu na kwa daktari vinahitaji vihusishi vinne tofauti: "by bus", "on foot", "with a knife", "at the doctor's". Jifunze kila kimoja na mwenzake.

Sasa lililo kubwa kuliko yote. Usichukue hatua yoyote yenye fedha ndani yake kwa kubahatisha maana ya kitenzi cha namna hii kutokana na vipande vyake. Hili lilimpata mwenzangu wa meza ya jirani, kijana makini, ambaye kwa sarufi alituzidi wengi pale ofisini. Ilikuwa Juni, simu hazipumziki. Alikuwa na wageni wawili, mume na mke kutoka Uingereza, waliokwisha kuwekewa hema Kogatende, kaskazini mwa Serengeti, mwanzoni mwa Agosti, nyumbu wanapovuka Mto Mara. Aliyewahi kutafuta hema Kogatende mwezi wa Agosti anajua kwamba ukiliachia, hulipati tena.

Asubuhi moja mume akaandika kwamba mkewe amevunjika kifundo cha mkono, kisha sentensi mbili: "We'll have to put off the safari. We'll firm up the dates by Friday." Kijana akasoma. Kwetu watu husema "put off the light" wakimaanisha zima taa, na hivyo ndivyo alivyokuwa akilijua neno hilo tangu utotoni. Taa ikizimwa imezimwa, basi na safari nayo imezimwa. Hiyo "firm up" hakuijua, akairuka. Akawajibu kwa adabu kuwapa pole, akamalizia na "Noted with thanks" ile tunayoipenda maofisini. Akageuka akasema, "Bosi, wale wa Kogatende wamefuta." Bosi akaitikia. Hema likaachiwa, viti vya ndege ndogo vikaachiwa, na kempu ikatoza faini ya kufuta kama mkataba ulivyosema.

Wageni hawakufuta kitu. "Put off" hapo ni kuahirisha, na "firm up the dates" ni kuzithibitisha tarehe. Ijumaa ikaingia barua yenye tarehe mpya, mwishoni mwa Agosti hiyo hiyo. Alipopiga simu kempu, yule dada wa mapokezi akamwambia, "Kaka, hapa pamejaa mpaka Septemba." Angeomba tu wahamishe tarehe siku ile ya kwanza, wangelimaliza kwa simu moja. Wageni wakalazwa Seronera, katikati ya hifadhi, na dereva akawa anawaamsha alfajiri ili wauwahi mto, mama wa watu mkono umefungwa bandeji na barabara ile yote mashimo. Kampuni ikabeba faini na tofauti ya bei. Kijana akakatwa mshahara na kuhamishiwa stoo, kuhesabu mahema na magodoro. Niliumia sana, kwa sababu mstari mmoja ungemwokoa: "Do you wish to cancel, or to travel at a later date?" Hakuna mgeni anayekasirikia swali hilo.

Kwa hiyo ukiona kitenzi kifupi na kineno nyuma yake, na huna hakika, fungua kamusi. Ukishafungua, bado uliza. Na usijione mjinga. Samuel Johnson, aliyechapisha kamusi yake maarufu London mwaka 1755, aliandika kwenye dibaji kwamba mtindo huu wa kubadili maana ya kitenzi kwa kukifuatishia kineno ndio unaowapa wageni taabu kubwa kuliko yote. Mwenye lugha mwenyewe alikiri.

Jifunze mpangilio. Unaweza kusema "pick up the guests" au "pick the guests up", yote sawa. Lakini ukitumia kiwakilishi ni "pick them up" tu, kamwe si "pick up them". "Look after" haina uhuru huo: ni "look after the guests", "look after them", na kihusishi hakibanduki kwenye kitenzi. Kamusi nzuri inaonyesha kipi kinatenganishika na kipi hakitenganishiki. Iangalie.

Malizia barua zako vizuri. "We look forward to meet you" imeandikwa mara nyingi mno kutoka nchi hizi. Hiyo "to" ni kihusishi, inataka jina au kitenzi chenye "ing": "We look forward to meeting you."

Maneno ya dharura yakae kichwani kabla ya mengine yote, hasa kama utapokea simu za redio kutoka porini au mlimani. "Passed out" ni kuzimia. "Passed away" ni kufariki. Ukiyachanganya, utampigia mtu Ulaya simu ya msiba ambao haupo, au utachelewa kumpeleka daktari kwa mtu anayepumua. "Throw up" ni kutapika, na kwa mgeni anayepanda Kilimanjaro kuelekea mita 5,895 hiyo inaweza kuwa dalili ya kuugua kwa sababu ya kimo, si chakula. Mpe taarifa mkuu wa msafara palepale. "The car broke down" maana yake gari limeharibika njiani, lakini "someone broke into the car" maana yake limevunjwa na mwizi. "We ran into a friend" wamekutana na rafiki bila kutarajia, "we ran into a tree" wamegonga mti, na "ran over" ni kumkanyaga mtu au mnyama kwa gari.

Usishtuke ukikuta "fill in the form" kwa mmoja na "fill out the form" kwa mwingine. Mwingereza hupenda ya kwanza, Mmarekani ya pili, na fomu ni ile ile.

Unapoandika wewe, usijaribu kuonekana mzungumzaji wa London. Tumia kitenzi cha neno moja kisichobishaniwa: "postpone", "cancel", "confirm". Hivyo vingine vielewe vinapokujia, na uvitumie ukishavizoea. Programu za kutafsiri zinasaidia, ila zipe sentensi nzima, na jibu lake ulilinganishe na kamusi. Kwenye simu tega sikio: vihusishi kama "for" na "to" humezwa katikati ya sentensi, kwa hiyo mrudishie mgeni ulichosikia kabla hujakata. Na mambo ya pesa yasiishie kwenye simu, yafuatishie barua. Angalia na tarehe, maana Mmarekani akiandika 8/6 anakusudia tarehe 6 Agosti, na Mwingereza anakusudia tarehe 8 Juni. Mwezi uandike kwa herufi.