Kupiga picha za nuru, vioo na nakshi za majengo Nairobi: hatua kwa hatua

Kioo kimoja cha duka hubeba vitu vitatu kwa wakati mmoja: kilichomo ndani, kilicho juu ya kioo chenyewe (vumbi, alama za vidole, maandishi ya rangi) na mtaa ulio nyuma yako. Picha nyingi za vioo huharibika kwa sababu mpigaji hakuamua anataka kipi kati ya hivyo, na simu ikamwamulia. Kinachoamua kipi kionekane ni nuru, kwa hiyo tunaanza na jua. Kamera itafuata.

Vifaa ni vichache. Simu yoyote inayoweza kushikilia fokasi inatosha, na kamera yenye lenzi ya milimita 35 hadi 85 ni bora zaidi. Beba kitambaa laini cha kufutia miwani, kitambaa cheusi kisichong'aa cha kama mita moja kwa mita moja, na filta ya polaraiza (kioo cheusi cha mbele ya lenzi kinachopunguza taswira zinazoakisiwa). Ukikosa filta, miwani ya jua yenye polaraiza hufanya kazi ileile ukiishika mbele ya lenzi ya simu. Kuijaribu kabla hujalipa, tazama skrini ya kompyuta kupitia lenzi moja ya miwani huku ukiizungusha taratibu. Skrini ikififia hadi giza, hiyo ni polaraiza ya kweli. Isipobadilika, unauziwa plastiki nyeusi tu.

Hatua ya 1: Fuata jua la Nairobi

Nairobi iko zaidi kidogo ya digrii 1 kusini mwa ikweta, na jua hapa hupanda karibu wima. Kila saa hupanda takriban digrii 15, kwa hiyo dakika 25 baada ya kuchomoza limeshafika digrii 6 hivi juu ya upeo. Ile nuru ya dhahabu ambayo miongozo ya Ulaya huitengea saa nzima, hapa hukaa nusu saa na ushee. Jua huchomoza kati ya saa 12:10 na 12:45 asubuhi mwaka mzima, kwa hiyo saa 12:00 uwe umeshasimama mahali pako na umeshachagua fremu.

Katikati ya jiji jua la chini huzibwa na maghorofa, lakini usiondoke. Vioo vya majengo marefu hulirudisha na kulitupa kwenye kuta zilizo kivulini, likiwa limepindika na kukatwa vipande kama wavu. Viraka hivi vya nuru ndivyo hazina kubwa ya asubuhi mjini, na huonekana vizuri kati ya saa 1:30 na saa 3:00. Ila havingoji. Kiraka kilichotupwa kutoka mita 40 husogea karibu sentimita 17 kila dakika. Ukikikuta mahali pazuri, piga kwanza, urekebishe baadaye.

Mchana wenyewe mara nyingi hudharauliwa bila sababu. Jua hufika kileleni karibu saa 6:30 na hapo humiminika ukutani kutoka juu, likichora kila kilichotokeza. Ukingo wa saruji uliotokeza sentimita 10 hutupa kivuli cha sentimita 10 jua likiwa digrii 45. Jua likiwa digrii 80, kivuli hicho hufika sentimita 57 hivi. Huo ndio wakati wa matofali ya matundu, vizingiti vya madirisha na herufi zilizochongwa kwenye mawe. Angalia tu mwezi: karibu na Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, hivyo kuta zinazotazama kaskazini ndizo zenye nuru. Karibu na Desemba ni zamu ya kuta za kusini. Tumia dira ya simu kabla ya kupanda matatu.

Hatua ya 2: Jua upande gani wa kioo una mwanga zaidi

Kanuni ni hii: kioo hukuonyesha upande wenye mwanga mwingi. Mchana, ukiwa mtaani, utaona mtaa. Usiku, taa za ndani zikiwaka, utaona ndani. Ukitaka kuona ndani mchana, tengeneza giza upande wako. Mwenzako ashike kitambaa cheusi nyuma yako, au ugandishe lenzi kwenye kioo na kuizungushia kitambaa pasipite mwanga. Hata rangi ya nguo ina uzito hapa: shati jeupe litajitokeza katikati ya picha, shati jeusi litatoweka.

Tumia polaraiza ukiwa umesimama ubavuni mwa kioo. Ukisimama mbele yake moja kwa moja haifanyi lolote. Inafanya kazi vizuri zaidi unapokitazama kioo kwa pembe ya kama digrii 35 kutoka kwenye uso wake. Zungusha filta hadi taswira ya mtaa ififie. Itakula mwanga, nusu au zaidi, kwa hiyo uwe tayari kuongeza ISO (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga). Kuna mahali pawili itakuangusha. Vioo vya minara vilivyopakwa tabaka la chuma kama kioo cha kujitazamia haviathiriki sana, na vioo vilivyokomazwa kwa joto, kama vya nyuma vya magari, huonyesha madoa ya mpangilio ambayo macho hayakuyaona. Ukiyaona madoa hayo kwenye skrini, ondoa filta.

Hatua ya 3: Weka fokasi mahali panapostahili

Taswira kwenye kioo haiko juu ya kioo. Ukiwa mita 2 kutoka kwenye dirisha, na jengo unalolitaka liko mita 30 nyuma yako, lenzi inapaswa kufokasi mita 34: mita 2 hadi kwenye kioo, kisha 32 kurudi hadi kwenye jengo. Simu ikifokasi kwenye vumbi la kioo, jengo litakuwa ukungu. Gusa skrini juu ya taswira yenyewe, bonyeza hadi fokasi ijifunge, ndipo upige. Ukitaka vyote viwili viwe vikali, tumia kamera kwenye f/11 (tundu dogo la lenzi, linaloleta ukali wa karibu na wa mbali) na usogee mbali zaidi na kioo.

Matone ya mvua ni kinyume chake. Kila tone kwenye dirisha ni lenzi ndogo, na ndani yake mtaa umesimama kichwa chini: anga liko chini, lami iko juu. Kaa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye kioo, fokasi kwenye tone, na mandhari ya nyuma yawe mbali. Mvua za masika, Machi hadi Mei, hukupa nafasi nyingi za kujaribu.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni madirisha ya luva ya nyumba za zamani za Eastlands. Luva zikifungwa, vioo vyote huakisi nyumba ya mkabala. Zikifunguliwa nusu, kila kipande huinama na kuakisi anga, kwa hiyo dirisha moja linageuka ngazi ya samawati. Ukisogea karibu utaona kingo za vioo zina rangi ya kijani. Hiyo ni chembe za chuma zilizomo kwenye mchanga wa kutengenezea kioo. Muombe mwenye nyumba ruhusa, kisha umuombe azungushe mkono wa luva taratibu huku ukipiga. Kila digrii chache ni picha nyingine.

Hatua ya 4: Pima mwanga kwa kilicho angavu

Kioo kilichoungua weupe hakirudi. Gusa sehemu angavu zaidi, kisha shusha mwanga kwa stopu moja hadi moja na nusu (kila stopu hukata mwanga kwa nusu). Vivuli vitainuliwa baadaye. Zima HDR (mfumo wa simu wa kuunganisha picha za mwanga tofauti) unapotaka kivuli kizito, kwa sababu husawazisha kila kitu hadi ukuta ukose uhai.

Kwa vioo vya rangi vya makanisani, kama Holy Family Basilica au All Saints Cathedral, siku ya mawingu ni bora kuliko ya jua kali. Mawingu ya Julai huwa kama pazia jeupe nyuma ya dirisha zima, ilhali jua kali huunguza kipande kimoja na kuacha kingine gizani. Anza na ISO 400, f/5.6 na kasi ya 1/60, upime kwenye kioo chenyewe, na uache kuta ziwe nyeusi. Omba ruhusa ofisini, usipige wakati wa ibada.

Ndani ya majengo yenye taa za umeme utaona mistari ya giza ikikatiza picha. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi humetameta mara 100 kwa sekunde. Kasi ya 1/50 au 1/100 huondoa mistari hiyo, 1/250 huirudisha.

Hatua ya 5: Kuta na mistari wima

Ukiinua kamera, jengo huangukia nyuma. Shika kamera wima kabisa, washa mistari ya gridi, kisha rudi nyuma au panda ghorofa ya pili au ya tatu ya jengo la mkabala. Acha nafasi pembeni, maana kunyoosha mistari kwenye programu hukata kingo.

KICC ni darasa zuri. Mnara wake, uliokamilika 1973 kwa usanifu wa Karl Henrik Nøstvik na David Mutiso, una mbavu wima kuuzunguka wote. Jua la asubuhi au la alasiri lolote litaupata upande fulani kwa mshazari, na hapo mbavu hutupa vivuli. Zunguka hadi uone mpaka kati ya nuru na kivuli, upige palepale kwa lenzi ndefu. Nguzo za Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, zinahitaji hivyohivyo: nuru ya ubavuni, la sivyo mviringo wa nguzo huonekana bapa.

Zungumza na mlinzi kabla hajakujia. Mweleze unapiga nini, mwonyeshe picha moja. Ikulu, kambi za jeshi na vituo vya polisi usielekeze kamera kabisa.

Hatua ya 6: Dakika za machweo

Baada ya jua kuzama una dakika 20 na ushee kabla anga kuanza kuwa jeusi. Kati ya dakika ya 12 na ya 18, mwanga wa anga na taa za ndani hulingana, na kioo kilekile kikaonyesha vyote viwili: ofisi zilizowaka na mawingu yaliyobaki. Weka kamera kwenye tripodi au uiegemeze ukutani, ISO 200, f/8, kasi kati ya nusu sekunde na sekunde 2, na kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise. Funga mizani ya rangi (white balance) kwenye 4000K ili samawati ya nje na manjano ya ndani zibaki tofauti. Piga kila dakika moja bila kuhamisha kamera. Ukifika nyumbani utaichagua ile ambayo dirisha halijazidiwa na anga, na anga halijazidiwa na dirisha.