Kamera ndogo ya mfukoni isiyochezesha picha: angalia nini kabla hujatoa hela

Jamani kama unatafuta kamera ndogo ya mfukoni, ile unawasha unabonyeza basi, naomba usianze kuuliza ina megapikseli ngapi, anza kuuliza inatulizaje picha. Nasema hivi kwa sababu kwenye send-off ya dada yangu ukumbi ulikuwa na taa za zambarau tu, nikapiga picha karibu mia mbili na kamera niliyouziwa kwa sifa ya megapikseli 20, kufika nyumbani nafungua kwenye laptop naona mama anamkabidhi dada zawadi na sura yake yote imecheza, hata macho huyaoni. Na ile shughuli hairudiwi. Iliniuma sana, ndo nikaanza kufuatilia haya mambo.

Iko hivi. Mkono wa mtu hautulii hata ubane pumzi. Mchana juani shata, yaani kile kidirisha kinachoruhusu mwanga kuingia, inafunguka na kufunga haraka mno, yaani kama 1/500 ya sekunde, mtetemo hauonekani, ila ndani kwenye mwanga hafifu kamera inaacha shata wazi muda mrefu, labda 1/15, na hapo kila mtikisiko unaandikwa kwenye picha. Stebilaiza, yaani kile kitu cha kutuliza picha, ile ya kweli ina vijisensa vinavyohisi mkono umeelekea wapi, halafu kipande cha kioo ndani ya lenzi kinasogezwa kufidia, hapo hapo wakati picha inapigwa. Kamera nyingine hazisogezi kioo, zinasogeza sensa yenyewe, yaani kile kibamba kinachopokea mwanga na kuunda picha, nayo ni nzuri tu. Sasa kuna aina ya tatu ambayo ndo inaumiza watu, ile ya kidijitali, hakuna kinachosogea humo ndani, kamera inakata kingo za video ili ionekane imetulia, na kwenye picha ya kawaida inapandisha ISO, yaani inaongeza usikivu wake kwa mwanga, au inajaribu kusafisha baadaye, matokeo yake chenga chenga. Picha ikishacheza imecheza, programu haiwezi kukurudishia sura ya mama.

Kwa hiyo soma maandishi ya kwenye boksi na ya kuzunguka lenzi. Panasonic na Fujifilm wanaandika OIS, Canon wanaandika IS, Nikon ni VR, Sony ni Optical SteadyShot. Ukikuta Digital IS au Electronic VR jua hiyo ni ile ya tatu. Mfano ninaopenda kuwapa watu ni Canon IXUS 185 na IXUS 190, zote za 2017, zote megapikseli 20, ukiziweka mezani ni kama mapacha, lakini 185 ina ya kidijitali na 190 ina ya kwenye lenzi. Usidhani pia kwamba toleo jipya lazima liwe bora, Sony ZV-1 ya 2020 ina stebilaiza ya lenzi, ila ZV-1F na ZV-1 II zilizofuata hazina, zimebaki na ya kidijitali ya video tu. Mtu wa video za kuongea na kamera sawa, mtu wa picha atajuta.

Utakutana na neno stopu, wanaandika stopu 3, stopu 4. Maana yake ni rahisi, kila stopu moja unaruhusiwa kupunguza spidi ya shata nusu. Kanuni ya zamani ya wapiga picha inasema ukivuta zumu mpaka milimita 200, yaani kipimo cha urefu wa lenzi, usishuke chini ya 1/200, ukiwa na stopu 4 unashuka 1/100, 1/50, 1/25 mpaka kama 1/13 na picha bado inasomeka. Ndo maana kadiri zumu ilivyo ndefu stebilaiza inazidi kuwa ya lazima. Canon SX740 HS inavuta mara 40, inafika sawa na milimita 960, bila stebilaiza pale mwisho hata kuiweka tembo ndani ya fremu ni kazi.

Lakini nisikudanganye, stebilaiza inatuliza mkono wako, haimtulizi anayecheza muziki. Ukumbini watu wanatembea, wanakumbatiana, pale unataka lenzi inayoingiza mwanga mwingi. Hilo utaliona kwenye namba ya f, ikiwa ndogo mwanga ni mwingi. Hiyo SX740 ukivuta mpaka mwisho ni f/6.9, wakati Canon G7 X Mark III ikivutwa mpaka mwisho wake, ambao ni mfupi sana kulinganisha, ni f/2.8, yaani inaingiza mwanga kama mara 6 zaidi, tena sensa yake ni kubwa, ya inchi 1. Kwa hiyo safari za mbugani mchana chukua zumu ndefu, sherehe za usiku chukua lenzi yenye mwanga na sensa kubwa hata kama zumu ni fupi. Mimi kwa pesa ya wastani ningetafuta Panasonic TZ100 iliyotumika, zumu mara 10, sensa ya inchi 1, na OIS ipo kwenye lenzi.

Ukifika dukani, hasa kama ni ya mtumba, usione aibu kuijaribu. Mwambie tu kaka naomba niiwashe niipige kidogo. Zima flashi, vuta zumu mpaka mwisho, tafuta tangazo lenye maandishi madogo hatua tano sita kutoka ulipo, bonyeza kitufe nusu uangalie kioo cha nyuma cha kamera, kama stebilaiza ni nzima utaona picha inatulia kama imeshikwa. Piga tano, ingia kwenye menyu uizime, piga tano nyingine, halafu zikuze zote kwenye kioo usome yale maandishi. Usipoona tofauti yoyote, au menyu haina hata sehemu ya kuizima, rudisha. Picha ikirukaruka yenyewe kwenye kioo na wewe umetulia, stebilaiza imekufa na fundi wa lenzi hizi ni gharama, achana nayo. Muuzaji akikuambia bosi zote ni stebilaiza hiyo hiyo, mwonyeshe maandishi kwenye lenzi.

Ukishanunua, bana viwiko kwenye mbavu, bonyeza nusu usubiri kidogo ndo umalizie, piga tatu tatu maana mara nyingi ya katikati ndo inatoka safi. Na ukiweka kamera kwenye tripodi zima stebilaiza, baadhi zinatafuta mtikisiko ambao haupo na zinauleta zenyewe.