Kuchagua Ufukwe wa Unguja kwa Kufuata Maji

Anayepanga kwenda kuogelea Unguja kwa kawaida huanza na bei ya hoteli, ilhali jambo la kwanza la kuamua ni upande wa kisiwa atakaofikia, kwa kuwa bahari ya mashariki na ile ya ncha ya kaskazini hazifanani maji yanapokupwa. Upande wa mashariki, Paje, Bwejuu, Jambiani na Matemwe zimekingwa na mwamba ulio mbali na pwani, na kati ya mwamba huo na mchanga maji ni haba; yakishatoka, pengine utatembea kilomita nzima kabla hayajakufika kiunoni. Nungwi na Kendwa za kaskazini, ambako kina huanza karibu na ufukwe, huogeleka takriban saa zote. Mwenye watoto wanaotaka kushinda majini, au mwenye siku mbili tu za mapumziko, nafikiri aende huko bila kusita.

Anayependelea mashariki na atazame mwezi kabla ya kulipia chumba. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 na 15 za kalenda ya Kiislamu, na siku hizo tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huweza kufikia mita 4 hivi. Kwa Unguja, maji ya bamvua hujaa mnamo saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, kisha hukauka mnamo saa 4 asubuhi, kwa hiyo anayemaliza chai na kushuka ufukweni na taulo begani hukuta bahari imekwenda zake. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka: maji hujaa mnamo saa 4 hiyo hiyo ya asubuhi, wala hayapwi sana. Katikati ya vipindi hivyo saa za kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, na mvuvi yeyote atakutajia za kesho bila kutazama jedwali.

Hata hivyo, asubuhi ya bamvua ina faida yake, kwani ndipo akina mama wa Paje na Jambiani huingia kwenye mashamba ya mwani. Mwani hufungwa kwa vishada kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi, karibu kabisa na mchanga, hivyo mpita njia asiyeangalia anaweza kukata kamba ya mtu. Zunguka shamba, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Vaa viatu vya mpira, maana kwenye mawe kuna viumbe vyenye miiba mirefu myeusi ambayo hukatikia ndani ya nyayo.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei ni ya mvua nyingi. Kusi, hasa Juni hadi Septemba, huleta hali ya hewa kavu na baridi kidogo, na upepo wake ndio unaowavuta Paje wachezaji wa tiara za majini. Kaskazi ya Desemba hadi Februari ni ya joto, na hapo Kendwa, iliyoelekea magharibi, huwa na utulivu kuliko mashariki.

Boti ya mwendo kasi kutoka Dar es Salaam huchukua karibu saa mbili. Mtanzania abebe kitambulisho, na mgeni kutoka nje ajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar ina bima ya lazima ya wageni, iliyoanza kwa dola 44. Kutoka mjini, daladala namba 116 huenda Nungwi na namba 309 huenda Jambiani. Husimama sana, lakini nauli yake ni ndogo mno ikilinganishwa na ya teksi. Nguo za kuogelea ziishie mchangani: unapopita kijijini jifunge kanga au vaa shati, na mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Mapapasi, yaani vijana wanaotafuta wateja ufukweni, watakufuata wakikuuzia safari za kisiwa kidogo cha Mnemba. Ukikubali, patana kwanza bei ya chombo kizima, pamoja na miwani ya kuzamia, na ulize kama kuna jaketi la kuokolea kwa kila abiria kabla ya kutoa fedha.