Kuficha kasoro ya mhusika ndani ya jina lake (hadithi za mazimwi za kuchekesha)

Binti wa jirani hapa Ng'ambo, Tabora, alinipa hadithi yake niipitie. Zimwi lake bahili linaitwa Bwana Choyo, na mwana wa mfalme asiyeamka asubuhi ni Mvivu. Hapo utani umekwisha kabla haujaanza. Jina lipite kwanza kama jina. Terry Pratchett, katika riwaya ya 1987, alimwita Mort kijana anayeajiriwa na Kifo. Kwa Kifaransa neno hilo ni kifo, ila kwa Waingereza ni ufupisho wa Mortimer, basi.

Hatua ya 1. Andika kasoro kwa neno moja la mtaani: kilaza, kupe, fisadi, chawa.

Hatua ya 2. Ligeuze. Wengi hugeuza herufi, kama Dracula alivyogeuzwa Alucard. Kwa Kiswahili achana nayo kabisa. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo kilaza anakuwa Azalik, kama dawa ya kutwa mara tatu. Tumia kinyume kile cha utotoni: silabi ya mwisho ipeleke mbele. Kilaza anakuwa Zakila. Bi Zakila, mshauri mkuu wa mfalme, nani atashtuka? Fisadi anakuwa Difisa, mweka hazina. Bahili ni Libahi. Kupe anakuwa Peku. Huyo mvalishe viatu vya kuazima. Na ukigeuza mwizi unapata zimwi, zawadi ya bure kutoka kwa lugha yenyewe.

Hatua ya 3. Lisome kwa sauti ndani ya sentensi. Hapa ndipo jioni nzima ilipoishia. Chawa wa mfalme alikuwa Wacha, na peke yake jina ni zuri. Sasa soma: "Wacha aliingia ikulu." Msomaji anakwama. Herufi kubwa haisaidii, maana mwanzo wa sentensi kila neno linayo, na kwa msikilizaji haisikiki kabisa. Ukimwita Mzee Wacha inapona kidogo, lakini kila mstari unarefuka. Kulisukuma jina mwishoni mwa sentensi kunafaa kwa ukurasa mmoja, kisha kunachosha. Tukaamua tatizo liwe kichekesho: kila mara mfalme akifoka "wacha!", chawa anakuja mbio na sifa mpya. Lakini dawa hii inakubali jina moja tu kwa hadithi, ukiirudia inachuja. Angalia pia jina lisigongane na la mtu wa mtaani kwenu. Na upatanisho: zimwi likishapewa jina, mimi naandika "Libahi amekuja", sitaki "limekuja".

Hatua ya 4, ukitaka. Majina ya kuzaliwa. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni anayezaliwa baada yao. Mwite mchawi wako Shija katika sura ya kwanza, usitaje ndugu zake. Msomaji wa Tabora tayari anajua kuna wawili wamefichwa mahali, na atasoma akiwatafuta kila mlango unapofunguliwa. Wa Tanga huenda akashtukia sura ya mwisho.

Hatua ya 5. Usifafanue. Mabano yote ya maelezo futa. Wakikuuliza jina la Zakila limetoka wapi, sema amerithi la bibi yake.